Mlio wa Kundi la Duara

Mugumu,
19 Februari 2023

Waya Gladys,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata mama. Naogopa simu. Nikisikia mtu nisiyemwona anasema "haloo", maneno yananipotea yote, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Tangu baba aende machimboni sijapokea simu yake hata moja. Ikiita nampelekea mama mbio, halafu nasimama pembeni nasikiliza. Mama anafikiri ni adabu.

Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu ningeanza na salamu ningeishia hapo. Sasa shikamoo, Waya. Mimi ni mzima. Maharage ya hapa shuleni yana wadudu lakini tumeshawazoea, tunawatoa na kuendelea. Mwalimu wa Kiingereza ametufundisha barua ya kirafiki, nikataka nikuandikie kwa Kiingereza ujue nasoma, nikakwama mstari wa kwanza. Kule hakuna shikamoo, na wewe Waya, dada wa baba, unakuwa "aunt" tu kama wengine. Nakushukuru kwa kutoka Migori uje ukae na mama hapo Nkende. Najua hata wewe una nyumba yako.

Kondakta aliyeniletea sabuni amesema mama analalamika kwamba simu inaita kila namna. Mwambie haijaharibika, ni mimi. Baba alipomnunulia ile simu kubwa niliona mama atahangaika, maana hasomi majina. Basi kabla ya kurudi shule niliyagawa majina kwenye makundi, kila kundi na mlio wake. Ndugu wa Kenya ni nyuzi za nyatiti, na wewe umo. Watu wa kanisani ni kengele. Wateja wa dagaa ni kuku anayetaga, usicheke. Kundi la nne nimeliita Duara, ni watu wa lile shimo la dhahabu: baba, Werema, Nikodemo na Mseti. Simu ya baba haikai na chaji. Anaazima ya yeyote kati ya wenzake, kwa hiyo wote wanne nimewapa mlio mmoja, na mlio wenyewe ni sauti ya baba. Nilimrekodi Krismasi akiwa na mzigo, akimwita Mama Viv kwa Kijaluo kutoka uani bila yeye kujua: "Min Viv, pokea. Pokea basi, nimesimama juani." Mama akisikia hivyo ajue ni mumewe, aache dagaa, apokee.

Hiyo ndiyo sababu niliyomwambia mama. Sababu yangu ni kwamba nilitaka kumsikia baba bila kulazimika kumjibu.

Mwanao,
Vivian


Nkende,
5 Machi 2023

Viv nyathina,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika ikinuka samaki, sijui huyo kondakta aliiweka wapi. Sisi tuko salama, Mungu anasaidia. Goti langu linauma jioni tu, mchana linasahau.

Sasa hiyo simu yenu itaniua. Juzi niko chooni nasikia Olima anaita, "Min Viv, pokea." Nikatoka mbio najifunga leso, nikijua kaka yangu amerudi na hata chai hakuna. Kumbe ni Mseti, anauliza kama shati lake limepatikana. Jirani yenu mama Ghati akachungulia juu ya ua akasema, "Nyinyi Wajaluo, hata simu zenu zina maringo." Nikamwambia yake nayo aifundishe kuongea Kikurya kama ataweza.

Na mama yako, ungemwona. Sauti ikianza hapokei haraka. Kwanza anafuta mikono, halafu anarekebisha kitambaa kichwani, ndiyo anapokea. Nikamwambia, "Dorka, hakuoni." Akanijibu, "Wewe hujui anachoona."

Baba yako ako sawa. Alikuja Jumapili, amekuwa mwekundu wa vumbi hadi nyusi. Anasema wamefika kwenye mwamba mzuri, wanangoja tu matimba, yale magogo ya kushikilia kuta, wayapigilie kabla masika hayajakolea. Nikamwambia wacha, kaa nyumbani mvua ipite. Akacheka. Si unajua anavyocheka wakati hataki kujibu.

Hiyo ya kuogopa simu itakaa kwangu. Babu yako alikuwa akipigiwa simu anavua kofia kwanza. Iko kwa damu yetu.

Waya wako,
Gladys


Mugumu,
26 Machi 2023

Waya, shikamoo.

Natumaini hamjambo nyote na goti limepoa. Huku mvua inanyesha mpaka madaftari yanalowana ndani ya sanduku.

Jana ilikuwa siku ya wazazi. Baba aliahidi kuja. Nilikaa kwenye benchi la getini mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka, mlinzi akanipa kipande cha muhogo. Naelewa, ni barabara. Mwambie sikukasirika. Mwambie pia nimekuwa wa pili kwa Biolojia, nilikuwa nimemwekea karatasi aione.

Akipiga simu, muulize atakuja lini, halafu uniandikie.

Vivian


Nkende,
30 Aprili 2023

Viv nyathina,

Nimechelewa, usinilaumu, mambo ya nyumba ni mengi. Hatujambo. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamesimama vizuri. Kuku mweupe ametotoa, mwewe amechukua wawili. Mchungaji amehamishwa na huyu mpya anahubiri muda mrefu kuliko yule. Baba yako mkubwa Okeyo amekuja, anakaa hapa kwa sasa, na kuna wazee wawili wa ukoo wanakuja na kwenda. Tuna wageni kidogo. Chai inaisha haraka.

Mama yako ana mafua. Dagaa hajauza siku hizi, anapumzika.

Hongera kwa Biolojia. Wewe kazi yako ni mtihani wa Juni, usiweke kitu kingine kichwani. Matroni wenu nimezungumza naye, anasema una tabia nzuri.

Kuna kitu kingine kidogo. Mtu akitaka kuondoa mlio kwa kundi moja, bila kuharibu yale mengine, anabonyeza wapi? Ni jirani anauliza. Hana haraka. Lakini ukiweza jibu mapema.

Gladys


Mugumu,
7 Mei 2023

Shikamoo Waya.

Salamu ni hiyo, nyingine sina.

Umeandika mahindi, kuku, mwewe, mchungaji na chai. Jina la baba nimelitafuta, nimegeuza hata nyuma ya karatasi. Nilikuomba umuulize atakuja lini na hukusema hata kwamba umemuuliza. Wazee wa ukoo hawawezi kuja na kwenda nyumbani kwetu kwa ajili ya mafua. Na jirani hawezi kuuliza habari za makundi, mama Ghati ana kitochi, hakina makundi.

Uliongea nini na matroni? Tangu wiki ile ananiongezea nyama.

Niambie ni kundi gani, nami nitakwambia pa kubonyeza.

V.


Nkende,
21 Mei 2023

Viv nyathina,

Ni Duara.

Nimekaa na karatasi hii siku nyingi. Wazee walisema usiambiwe mpaka umalize mtihani, na mimi nikakubali kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu pia. Nimemwomba matroni akupe barua hii akiwa amekaa na wewe. Kama umekaa peke yako, nenda ukamwite kwanza.

Ilikuwa katikati ya Machi, Jumamosi, mvua haikukatika tangu asubuhi. Wenzake watatu walikuwa wamepanda juu kula. Yeye alibaki chini anakaza timba moja ambalo alikuwa haliamini. Ukuta ukaja, na maji yakafuata.

Aliyepiga ni Nikodemo. Mimi nilikuwepo, tunachambua dagaa. Simu ikaita, "Min Viv, pokea. Pokea basi, nimesimama juani." Mama yako akafuta mikono, akarekebisha kitambaa, akapokea akicheka. Akasema, "Na mvua yote hii, hilo jua umelitoa wapi?" Halafu akaiweka simu juu ya dagaa. Mimi bado nilikuwa nacheka.

Okeyo alienda na wanaume wa ukoo. Werema na wenzake walichimba nao mpaka mikono ikachubuka. Kila ndoo waliyotoa, tope lilirudi mbili. Mashimo ya jirani yakaanza kupasuka, wasimamizi wakasema basi, mtazika wengine kumi kwa kumtafuta mmoja. Shimo limefungwa. Kaka yangu ako humo ndani na hatatoka.

Sasa nikwambie kuhusu simu. Mama yako hapokei tena simu ya Duara. Anaiacha iite mpaka sauti imalize. Halafu, Viv, anawabip. Jioni anakaa mlangoni, anambip Werema na kukata, anambip Nikodemo na kukata, anambip Mseti. Wao wanaona ni mjane ana shida, wanapiga. Baba yako anaita, anamaliza, simu inanyamaza, na yeye anabip tena. Mwanzoni walipiga kila mara. Siku hizi wamechoka, na mimi siwezi kuwalaumu.

Kwetu mtu ambaye mwili wake haukupatikana, kaburi lake haliachwi tupu. Wanakata tunda la yago, lile refu, zito kama mchi, linalala ndani ya nyumba kama yeye, linaliliwa, linazikwa mahali pake. Lisipozikwa, mama yako si mke wala si mjane, na wewe ni mtoto wa nani? Wazee wako tayari. Mama yako amewaambia, "Mnataka nizike tunda, na mwenyewe ananipigia simu."

Okeyo alitaka kuipeleka simu kwa fundi kule Bomani. Mama yako akaibana kifuani. Anasema aliyeweka ni Viv, wa kutoa ni Viv. Kwa hiyo ukija likizo ya Juni, nakuomba, mtoto wa kaka yangu. Mimi nitakuwa nimerudi Migori, mume wangu amepika mwenyewe vya kutosha.

Waya


Mugumu,
16 Julai 2023

Shikamoo Waya,

Natumaini ulifika Migori salama na mlango wa nyumba ulikutambua. Mimi nimerudi shule juzi. Mtihani nilifaulu, isipokuwa Hesabu.

Nyumbani nilikuta mahindi yamekomaa, tukavuna na mama Ghati. Kuku mweupe yuko. Baba mkubwa Okeyo amerudi kwake, wazee wamekubali kusubiri mpaka Desemba, nikifunga shule.

Kuhusu simu nimeshughulikia. Mama ametulia. Siku ninaondoka alipika samaki, akala na yeye.

Usijali sana.

Vivian


Migori,
27 Agosti 2023

Viv,

Tuko salama hapa. Nakwenda moja kwa moja.

Tangu urudi shule, mama yako hanipokelei simu. Nilifikiri amenuna kwa sababu ya yago. Nikampigia mchungaji, anasema na yeye hapokelewi. Nikampigia mama Ghati kwa kitochi chake. Anasema dagaa ziliharibika ndani ya gunia, zikamwagwa. Wateja wanapiga, wanachoka, wanakwenda kwa mwingine. Nikauliza, kwani huyo mwanamke anafanya nini siku nzima? Akasema, "Anasikiliza. Siku hizi mzee anaita asubuhi mpaka jioni."

Nikamwomba aende akasimame karibu na mama yako, asikate simu. Nikachukua simu ya mume wangu kwa sikio hili, niko na mama Ghati. Kwa mkono mwingine nikampigia mama yako kwa namba yangu. Nikamsikia Olima. Nimekaa kitandani kwangu Migori, napiga mimi, na kaka yangu ananijibu kutoka Nkende kwamba amesimama juani.

Mimi ni nyatiti, Viv. Uliniandikia mwenyewe. Umefanya nini kwa hiyo simu?

Gladys


Mugumu,
10 Septemba 2023

Shikamoo Waya.

Barua yako nimeisoma chooni kwa sababu ndipo penye mlango unaofungwa.

Nilipofika Juni, Mseti alikuwa amebadilisha namba. Nikodemo alikuwa amehamia machimbo mengine, hapatikani. Alibaki Werema, naye alipiga mara moja moja. Mama alikuwa anakaa mlangoni na simu mapajani, anabip, anasubiri, hakuna. Ukimsemesha anakuinulia mkono unyamaze, asije akakosa kusikia. Siku moja akanipa simu. Akaniambia, "Viv, imekuwa bubu. Itengeneze."

Hakusema nitoe.

Nilifungua yale makundi. Nilikuwa nimekuja na nia ile uliyonituma, naapa. Kidole kilikuwa juu ya neno la kufuta. Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu, ananishika bega, ananiambia, "Wewe ndiye unayejua mambo haya, mwanangu." Basi nikawachukua wateja, nikawaingiza Duara. Nikawaingiza wa kanisani. Mwisho nikawaingiza ndugu wa Kenya, nikakuhamisha na wewe. Nikajaribu kwa simu ya mama Ghati, ambaye naye nilikuwa nimemwingiza. Baba akaita. Mama akakaa chini, akacheka hadi machozi, akaenda kupika samaki.

Nilifikiri atafurahi kisha atapokea, ataongea na watu, atauza. Sikufikiri kwamba hatapokea mtu yeyote. Kumbe kwake kupokea ni kumkata baba.

Nikwambie jingine. Nilipokuwa nahamisha yale majina na mimi nilikuwa nafurahi. Kwa dakika zile nilikuwa na baba ambaye kila mtu duniani akipiga simu, anayeita ni yeye.

Sijui nifanye nini. Hapa shuleni hatuna simu, na hata ningekuwa nayo ningempigia nani?

Vivian


Migori,
5 Novemba 2023

Viv nyathina,

Sikujibu mapema, nilikuwa nalia, halafu nikakasirika, halafu nikalia tena. Sina hasira sasa.

Okeyo ameweka siku. Ni Jumamosi ya tarehe 16 Desemba, mama yako akitaka asitake. Nilipita Nkende nikamwambia kwa mdomo wangu. Alinitoa nje. Akasema, "Gladys, kwako hakuna aliyekufa. Kwangu pia hakuna." Nikamwambia Olima ni kaka yangu kabla hajawa mumewe. Akafunga mlango. Amekonda, Viv, kitambaa kinamzidi kichwa.

Utafunga shule wiki moja kabla. Sikuamrishi tena. Lakini hakuna mtu mwingine ambaye atampa ile simu.

Waya


Nkende,
9 Desemba 2023

Shikamoo Waya,

Natumaini mko salama Migori na safari ya kuja mmeshaipanga. Barua hii ataileta yule mama anayevusha nguo mpakani Sirari.

Nimefika jana. Salamu za nyumbani si nyingi. Kuku hakuna hata mmoja, sikuuliza wamekwenda wapi. Mama Ghati analeta uji asubuhi, anamsimamia mama mpaka amalize. Wateja hawapigi tena, kanisani hawapigi, na wewe najua umeacha. Jana kutwa nzima simu haikuita. Mama ameishikilia hivyohivyo. Aliponiona alisema, "Umekua," halafu akanipa. "Imekuwa bubu tena."

Hataki nikuandikie. Anasema wewe na Okeyo mnataka kumzikia mume mzima. Kwa hiyo karatasi hii nimekuwa nikiiingiza chini ya godoro kila nikisikia hatua. Mama hasomi, lakini huniuliza naandika nini, na mimi husema ni kazi ya likizo.

Leo mchana ameenda bombani na ndoo. Simu nikabaki nayo. Nikafungua makundi, nikaanza kurudisha watu walikokuwa. Wewe kwenye nyatiti. Mchungaji kwenye kengele. Nilikuwa bado nina wateja wawili ndani ya Duara, simu ikaita mkononi. Jina lilikuwa la mwanamke mmoja wa Bomani, aliyekuwa ananunua dagaa kila Jumanne zamani. Labda amesikia nimerudi, labda alikosea namba. "Min Viv, pokea. Pokea basi, nimesimama juani." Sikupokea, Waya. Niliiacha mpaka akamaliza, ikarudia, akamaliza tena, ikakatika. Ndipo nikaelewa jinsi mama anavyokaa hapa mlangoni miezi yote hii. Hata mimi ningekaa.

Nilimaliza wale wawili. Halafu nilifuta mlio wa Duara. Halafu, kwa kuwa najijua, kwamba mama angenishika bega ningerudisha, nikaenda kwenye rekodi yenyewe nikaifuta pia. Simu iliuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo.

Sikuwa na nakala. Nilikuwa nayo hiyo moja tu, ya Krismasi. Baada ya kubonyeza nilijaribu kuikumbuka, nimeyapata maneno, sauti sijaipata. Nimejaribu tena sasa hivi.

Mje Jumamosi. Mlete yago, atazikwa. Sina neno jingine la kukufariji na usinitafutie la kunifariji mimi.

Nasikia ndoo inatua nje. Malapa yake yanakuja, yanaburuta. Godoro liko hapahapa karibu, ningeweza. Karatasi naiacha mezani. Akiniuliza nimeandika nini, nitamsomea kuanzia juu, na hapo kwenye rekodi nitasoma kama nilivyoandika.

Amefika mlangoni. Anauliza.